Kutoka "pua" hadi "Mpwapwa": kumsaidia mtoto anayebabaika na sauti ngumu

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha darasa la awali hapa Dodoma nilipokea mtoto wa miaka mitano ambaye jina lake linaanza na R. Ukimuuliza anaitwa nani, anajitaja kwa L, na darasa zima linaangua kicheko. Mimi, kwa ujana na kiherehere, nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia arudie "rrr" mpaka aipate. Alirudia kama mara kumi. Kesho yake hakuitikia hata mahudhurio. Wiki mbili nzima jina lake likiitwa alinyoosha mkono tu, kimya.

Aliyenifungua macho ni bibi yake, siku aliyokuja kumchukua. "Mwalimu," alisema, "mtoto huyu anasikia vizuri kabisa. Nikimwigiza nikasema 'gali', ananigombeza: 'Bibi, siyo gali, ni gali!'"

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Sikio la mtoto yule lilikuwa linajua tofauti ya r na l. Ulimi ndio ulikuwa haujui njia, na mimi nilikuwa nauchapa badala ya kuuonyesha. Haya ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wazazi na walimu wenzangu tangu wakati huo. Hayahitaji fedha. Yanahitaji kioo kidogo, kijiko, mkeka na dakika tano, mara mbili kwa siku.

Kwanza, jua tatizo liko wapi: sikioni, ulimini, au kwenye lafudhi ya nyumbani

Fanya kama yule bibi. Chukua kitu ambacho mtoto anakijua, kitaje kwa kosa lake mwenyewe, kisha mtazame usoni. "Hili ni gali?" Akikunja uso, akicheka au akikusahihisha (hata kama anasahihisha kwa kosa lile lile), sikio lake ni zima, nenda moja kwa moja kwenye ulimi. Akikubali bila wasiwasi, basi bado hajasikia kwamba hizo ni sauti mbili, na kumlazimisha atamke ni kupoteza muda. Anza kwa kumsikilizisha. Weka vitu viwili mezani au chora picha mbili zenye majina yanayokaribiana, umwambie aonyeshe unachotaja: saba na shaba, suka na shuka, doa na ndoa, bata na pata. Yeye hasemi kitu, kazi yake ni kunyoosha kidole. Akipata nane kati ya kumi kwa siku mbili mfululizo, sikio limefunguka.

Kuna kundi la tatu, na hapa Dodoma ni kubwa. Darasani kwangu wamo Wagogo, Warangi kutoka Kondoa, Waburunge, mara moja moja Wasandawe wa upande wa Kwamtoro, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, watoto wa kutoka kila pembe ya nchi. Lugha kadhaa za bara hazitofautishi l na r. Nyingi hazina th, dh wala gh, kwa sababu sauti hizo ziliingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja ambako watu walishazizoea. Kwa hiyo baba akisema "selasini" na mama akisema "zahabu", mtoto akasema vivyo hivyo, mtoto hana kasoro. Amejifunza vizuri kabisa alichofundishwa. Atafundishwa th na dh shuleni, kama anavyofundishwa kuvaa sare, bila mtu kumwambia kwamba nyumbani kwao wanaongea vibaya.

Na lugha ya nyumbani inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa Kigogo aliyezoea kusalimiwa "Mbukwa!" na bibi yake anazo mb na kw tayari, wewe unazihamisha tu. Jina la Ng'hong'onha, kule jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, linamtoa jasho mgeni wa miaka thelathini, lakini mtoto wa hapo analitaja huku anatafuna karanga. Msandawe mdogo anatamka vidoko, zile sauti za kualika ulimi, ambavyo mimi nimejaribu miaka yote bila mafanikio. Ulimi wa mtoto unafundishika.

Pili, angalia umri kabla ya kuingiwa na hofu

Mtoto wa miaka miwili, mgeni akielewa nusu ya maneno yake inatosha. Akifika mitatu, mgeni aelewe sehemu kubwa. Akifika minne aeleweke karibu kila kitu, hata kama bado anasema "lula" badala ya "rula". K na g zinatakiwa ziwe zimekaa sawa kufikia hapo. R huchelewa. Mtoto wa miaka mitano ambaye anakosea r peke yake, mengine yote sawa, mimi simpi mazoezi, namsubiri huku nazungumza naye. Wa miaka sita au saba, anayeanza kusoma na kuandika anachokosea kutamka ("kalanga", "balua"), huyo tunamshughulikia.

Tatu, chagua sauti moja

Moja tu. Wazazi huniletea orodha: "Mwalimu, hasemi r, hasemi sh, hasemi ng', halafu ana kitembe." Sawa, lakini ulimi haufanyi kazi nne kwa mpigo. Chagua ile inayomletea shida zaidi katika maneno ya kila siku, au ile ambayo mara moja moja anaipatia. Hiyo ya pili ni rahisi zaidi kuliko unavyofikiri, kwa sababu mtoto anayepatia sh kwenye "shuka" na kuikosa kwenye "shati" ana mlango ulio nusu wazi. Th, dh na gh ziweke mwisho kabisa wa foleni.

Nne, uonyeshe ulimi njia

Kaeni mbele ya kioo, nyuso mbili zionekane pamoja. Sema sauti, siyo jina la herufi: "sss", siyo "es".

*K na g.* Huyu ni yule anayesema "tutu" kwa "kuku" na "dali" kwa "gari". Anatumia ncha ya ulimi mahali panapotakiwa shina la ulimi. Jioni mlaze chali kwenye mkeka uani, mtazame nyota. Akilala chali ulimi unajirudia nyuma wenyewe. Mwambie akohoe kidogo, kh, kh, kisha aseme "ka". Ikishindikana, weka mpini wa kijiko safi juu ya ncha ya ulimi wake, taratibu, ncha ibaki chini nyuma ya meno ya chini, aseme "ka" hivyo hivyo. Ncha ikizuiwa, shina halina budi kuinuka. Watoto wengi hucheka hapa, na wakicheka ujue mambo yanaenda.

*S na z, na ndugu zao.* Nyoka anasema sss, nyuki anasema zzz. Mwekee mtoto vidole kooni mwako halafu kooni mwake: kwenye z koo linatetema, kwenye s limetulia. Mtoto wa Dodoma ana neno tamu la mazoezi, zabibu, na msimu wa mavuno ukifika unaweza kumpa punje moja kwa kila z aliyoipatia. Kwa anayetoa ulimi nje akisema "thatha" badala ya "sasa", mwambie afunge geti: meno ya juu na ya chini yakutane, ulimi ubaki ndani, pumzi ipite. Ukifika wakati wa th na dh unafanya kinyume, ulimi unachungulia kidogo katikati ya meno. Th koo limetulia, dh linatetema. Wakubwa wa darasa la pili huona umuhimu wake ukiwaonyesha kwamba samani ni meza na viti lakini thamani ni bei yake, na kwamba zana ni jembe lakini dhana iko kichwani.

*R.* Hapa nikae kidogo, maana ndiyo inayoulizwa kuliko zote.

R ya Kiswahili ni pigo moja jepesi la ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, nyuma ya meno. Mahali hapo hapo ndipo panapotamkiwa d na l. Tofauti ni kwamba l inakaa, d inabana, r inagusa na kuondoka. Kwa hiyo usimwambie mtoto "sema rrr", atakaza shingo na kutoa mngurumo wa simba. Mwambie aseme "ada, ada, ada", polepole, halafu haraka, halafu haraka zaidi na kwa wepesi, kama kidole kinachogonga mlango usiku bila kutaka kuamsha watu. Katikati ya mbio hizo utasikia "ara" imetoka. Usishangilie kwa kelele. Sema tu, "Hiyo! Tena." Wengine wanaipata kwa mlio wa bodaboda inayowashwa, "drrr", ulimi ukiwa juu.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuanza na maneno yenye r mwanzoni: rula, rangi, redio. Ni magumu zaidi. R inapenda kuwa katikati ya irabu mbili, ulimi ukitoka mahali na kwenda mahali. Anza na gari, karanga, hari, kura, barabara. Yakishakaa, ndipo uende kwenye rangi na rula. Yule mwanafunzi wangu wa jina la R alipata kwanza "maharage", akaenda nalo nyumbani, akalisema mpaka bibi yake akachoka. Jina lake alilipata miezi mitatu baadaye, siku ambayo hakuna aliyemuuliza.

Katika Kiswahili pia kuna maneno ambayo r ikiteleza maana inateleza nayo: kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari, kula na kura. Hayo waachie watoto wa darasa la pili na la tatu. Yanafaa kwa mchezo wa imla kuliko kwa mtoto wa awali.

*Ng'.* Mwambie afungue mdomo kidogo na kuguna, sauti itoke puani: "ng'ng'ng'". Kisha abane pua. Sauti ikikatika, amepatia. Toka hapo ongeza irabu: ng'a, ng'o, ng'u. Ng'ombe wakipita kwenda mnadani mna somo zima barabarani. Mpambanishie na ngoma, ambayo ina g ya kusikika. Walimu wenzangu, tafadhali msisahau ile alama ya ritifaa ubaoni. Ukimwandikia mtoto "ngombe" atakusomea hivyo hivyo, na kosa litakuwa lako.

Tano, piga makofi: "mtoto" na "mbuzi" hayafanani

Mzazi husema mtoto wake "anakula m". Kumbe kuna m za aina mbili, na kila moja ina dawa yake.

Katika mtoto, mkate, mti, ile m ni silabi kamili, ina pigo lake. Piga makofi: m-to-to, matatu, m-ka-te, matatu, m-ti, mawili. Mtoto anayesema "toto" anaruka kofi la kwanza. Mfanye afunge midomo na kuguna "mmm" huku anapiga kofi hilo, hata kwa kulivuta sana: mmmm-toto. Baadaye utalipunguza.

Katika mbuzi, ndizi, njugu, ile m au n imeshikana na konsonanti inayofuata, pigo ni moja: mbu-zi, ndi-zi, nju-gu, makofi mawili. Mtoto anayesema "buzi" ukimpa dawa ya kwanza atakuletea "m-bu-zi" yenye makofi matatu, nayo siyo. Huyu mwambie afunge midomo kama anataka kusema b, aanze kuguna kabla ya kuifungua, kisha aachie. Njaa na jaa ni jozi nzuri ya kuchezea, kwa sababu mtoto anaona mwenyewe kwamba "nina jaa" haimletei ugali.

Kuna wanaokaa katikati wakasumbua hata walimu. Mbwa, mchwa, nchi, nne: maneno haya yana shina fupi, kwa hiyo m au n inabeba pigo: m-bwa, m-chwa, n-chi, n-ne. Makofi mawili.

Sita, ngazi ya sauti zilizobebana

Pw, bw, kw, tw, chw, nyw. Siri yake iko kwenye u. Mtoto anayeshindwa "pwa" hashindwi "pua". Basi anza na pua, mguse pua yake kabisa: pu-a. Haraka kidogo: pua, pua. Haraka zaidi, midomo ikiwa imechongoka tangu mwanzo: pwa. Rudufu: pwapwa. Sasa lete lile guno lenye kofi lake: m-pwa-pwa. Mtoto ametaja Mpwapwa, na ukimwambia kwamba kuna wageni wazima wanaoshindwa kulitaja, atalitaja siku nzima.

Ngazi hiyo hiyo inapanda kila mahali: bua, bwa, m-bwa, tuiga, twiga, nyua, nywa, nywele, ku-a, kwa, ukwaju. Bua la mtama lipo kila shamba huku kwetu, kwa hiyo mbwa hana sababu ya kumshinda mtoto.

Mkiwa kwenye daladala fanyeni majina ya mahali kuwa mazoezi: Kongwa ina ngw, Chamwino ina mw, Chang'ombe ina ng', Nzuguni ina nz, Mkonze ina m ya kofi na nz mwishoni. Ntyuka mwachie akiwa mkubwa. Akishazoea, mtungieni sentensi ya kumtatiza ulimi, ya kwenu wenyewe. Darasani kwangu ilikuwa hii: "Mchwa wa Mpwapwa wamemwachia mbwa mkwaju mkavu." Kanuni ni moja: mwalimu naye lazima aijaribu kwa kasi, na akikosea watoto wana haki ya kumcheka.

Maneno ya kukopa kama treni, stendi, daktari na programu yana konsonanti zilizopakana bila irabu, na ulimi wa Kibantu hupenda kuchomeka irabu hapo: "tereni", "sitendi". Kwa mtoto wa awali naliacha lipite. Tangu reli ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024 wote wanataka kusema treni, watalisema.

Saba, peleka sauti kwenye maongezi

Mpangilio ni huu: sauti peke yake, kisha silabi (ra re ri ro ru), kisha neno, kisha maneno mawili ("gari jekundu"), kisha sentensi, kisha hadithi. Usipande ngazi kabla hajapatia nane kati ya kumi. Akianguka, shuka ngazi moja, usishuke zote.

Mazoezi yenyewe ni dakika tano, mara mbili kwa siku. Asubuhi kwenye kioo wakati wa kupiga mswaki, jioni wakati mnachambua mlenda au kubangua karanga. Nje ya dakika hizo usimsahihishe. Mjibu tu kwa neno lililo sawa, mara mbili:

"Bibi, dali imepita!"

"Ehe, nimeliona gari. Gari lile lina vumbi, eti?"

Hukumwambia arudie, hukumkatiza, na amelisikia neno vizuri mara mbili akiwa na hamu nalo. Na watu wazima wa nyumbani waache kuongea kitoto naye. "Mtoto anataka titi?" inachekesha, lakini anasikia "titi" na siyo "kiti".

Mambo ya kuacha

Kupuliza puto, kupuliza mishumaa, kuzungusha ulimi mdomoni: hayana madhara, lakini hayafundishi sauti. Sauti inafundishwa kwa kuitamka. Kumchapa au kumtania mbele ya wageni nimeshaeleza kunakofika. Na kigugumizi ni jambo jingine kabisa, usilitibu kwa haya.

Lililo baya zaidi ni kukata. Mpaka leo wapo wazee wanaoshauri mtoto anayechelewa kusema akatwe kimeo, au akatwe utando wa chini ya ulimi kwa wembe. Usikubali. Kimeo hakizuii r wala k, na watoto wamevuja damu na kupata maambukizi kwa ajili hiyo. Kama kweli ncha ya ulimi haiwezi kugusa ufizi wa juu au kutoka nje ya meno, aangaliwe na daktari.

Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri kama mtoto wa miaka mitatu haeleweki hata na nyinyi wa nyumbani. Kama alikuwa anasema vizuri akarudi nyuma. Kama sauti yote inatokea puani. Kama maziwa au uji hutokea puani. Kama hageuki ukimwita kutoka nyuma. Au kama masikio yanatoa usaha kila mara. Hayo mawili ya mwisho yanapuuzwa sana. Mtoto anayeumwa masikio miezi kadhaa anasikia Kiswahili kama mtu aliye chini ya maji, halafu tunamlaumu ulimi.

Anzia kituo cha afya mlicho karibu nacho, omba rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na uombe usikivu upimwe kabla ya kitu kingine chochote. Wataalamu wa tiba ya matamshi ni wachache nchini, kwa hiyo ukimpata usiende mikono mitupu. Kabla ya siku hiyo andika kwenye karatasi maneno ishirini kama mtoto anavyoyatamka hasa, na pembeni neno lenyewe: "tutu" kuku, "buzi" mbuzi, "papwa" Mpwapwa. Mrekodi pia kwenye simu akiongea na mwenzake wakati hajui kwamba anarekodiwa, maana akifika mbele ya koti jeupe huenda asiseme neno.